Pumzi Ndani ya Bonge

Bonge la makaa ya mawe lilipandishwa juu kutoka mgodini kabla ya chai ya saa nne, na Mpimaji akalipokea mlangoni mwa maabara kama anavyopokea yote: mbiombio, lisije likapoteza gesi njiani. Makaa yana vijitundu visivyoonekana kwa macho, na gesi hugandia kwenye kuta zake. Huko chini inabanwa na uzito wa ardhi. Ikifika juu inaanza kuachia, pole pole, kama mgeni asiyetaka kuaga. Mpimaji hulitia bonge kwenye mkebe wa chuma, hukaza kifuniko, huchomeka bomba la mpira hadi kwenye chupa ya maji, kisha hukaa kutazama mapovu.

Siku hiyo akakosea. Bonge lilikuwa na vumbi, kitambaa hakionekani, akalipuliza kwa mdomo. Haifai. Makaa yanaipenda hewa tunayoitoa tukipumua kuliko gesi yake yenyewe. Ikiingia hiyo, iliyokuwemo inapisha.

Alipolifungia mkebeni, povu la kwanza lilikohoa. La pili likasema, "Nani huyo kala vitunguu asubuhi yote hii?"

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Mpimaji akaenda jikoni, shemeji yake alikokuwa anapikia wafanyakazi chai.

"Shemeji, mumeo yuko maabara."

"Anasemaje?"

"Ananitukana."

"Basi ni yeye," akasema, akapunguza moto.

Mwaka juzi handaki moja liliporomoka. Kampuni ikaliziba kwa ukuta, ikatangaza kwamba ndani hamkuwa na mtu. Mume wa shemeji, wakasema, alitoroka kazi, labda na mwanamke. Sasa walikuwa wanachimba eneo lile lile kutokea upande wa pili, na bonge lilitoka huko.

Shemeji, mama wa watoto wa kaka yake, akaja maabara, akakaa kwenye stuli, aproni mapajani.

"Mbona hukurudi?"

"Ukuta, mke wangu. Niligonga. Nao wakagonga. Halafu wakaendelea kujenga."

Akajifuta macho. "Ashukuriwe Mungu. Nilijua hukunikimbia."

"Nikukimbie niende wapi, na miguu yenyewe hii?"

Meneja akaja kuulizia chai. Akasikiliza mapovu mawili, akasalimia, "Habari za huko?"

"Joto," likajibu povu.

"Bosi, umemsikia mwenyewe," mama akasema. "Mfutie utoro."

Meneja akafikiri kwa makini. "Mama, marehemu haongei. Na aliye hai asiyekuja kazini ni mtoro. Sasa mimi nifanyeje?" Akamwambia Mpimaji sampuli imeharibika, itupwe, akaenda kunywa chai yake. Ukuta ukabaki pale pale, na utoro ukabaki pale pale.

Mpimaji akalitupa bonge mikononi mwa shemeji yake, pamoja na mkebe, mpira na chupa.

"Asante, shemeji," mama akasema. "Na hivyo vitunguu vyako, asante navyo."

Nyumbani watoto wakagombania zamu. Kila mmoja alipuliza bonge, mama akafunga kifuniko, wakasubiri. Mkubwa akasema amefaulu mtihani. Mdogo akasema jino limeng'oka. Baba akacheka mpaka maji yakamwagika mezani. Akauliza kama paa bado linavuja. Bado, wakamwambia. Akasema atakayetangulia kurefuka alizibe.

Kisha mama akaona mapovu yanakuja kwa kuachana. Akaelewa: pumzi za watoto zilikuwa zinaingia, na kwa kila iliyoingia, moja ya baba yao ilikuwa inatoka na kupotelea chumbani.

"Inatosha. Muageni baba."

Wakaaga. Likaja povu moja lisilo na neno, pumzi tu, ya mtu aliyetua mzigo. Mama akasema asante, akachomoa mpira, akaziba tundu la mkebe kwa kizibo na kukikaza kwa mikono miwili.

"Mama, mbona unafunga?" mdogo akalalamika. "Bado yumo!"

"Ndiyo maana nafunga."