Nati Zilizolilia Majina

Gari la wagonjwa lilipata pancha saa nne asubuhi, kwenye mteremko kati ya Kisaka na Mugumu, mahali ambapo mahindi yamepandwa mpaka ukingoni mwa barabara. Simioni, dereva, alifanya yote anayopaswa kufanya dereva. Aliweka mawe nyuma ya matairi, akavunja matawi na kuyatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja, akapiga jeki, akachomeka wilispana. Nati mbili zilifunguka. Tatu zilizobaki zilikuwa zile za siri, zenye vichwa vya mviringo visivyoshikwa na spana yoyote isipokuwa ufunguo wake.

Moja ilikuja na gari. Mbili aliziongeza mratibu wa shirika lililotoa gari, baada ya kusikia kwamba katika wilaya nyingine madereva wanauza matairi. Ufunguo aliuweka mwenyewe kwenye droo ya ofisi yake.

Simioni akampigia simu. Mratibu alikuwa Musoma kwenye semina.

"Tairi lenyewe lipo?" aliuliza.

"Lipo, mzee."

"Basi vizuri," akasema mratibu, na sauti yake ilionyesha kwamba amefarijika kweli. "Nikirudi kesho tutalishughulikia."

Ndani ya gari alilala Ghati, mwenye mimba yake ya kwanza, damu ikimtoka polepole tangu alfajiri. Muuguzi Philomena alikuwa amemwinulia miguu juu ya begi la vifaa, na alikataa katakata asipakizwe kwenye bodaboda. "Akikaa wima tu, tunampoteza," alisema. Lori pekee lililopita lilikuwa limejaa ng'ombe wa mnada. Simioni akampigia Rahima.

Rahima alikuwa na gereji nyuma ya stendi ya Mugumu. Aliirithi kwa baba yake, aliyekuja kutoka Tanga miaka mingi iliyopita na sanduku la spana. Watu walimpenda kwa sababu hakufungua kitu kwa hasira. Injini iliyokwama aliizungumzisha kwanza, kama mgeni aliyechoka na safari. Alifika kwa bodaboda, mtandio ameufunga nyuma ya shingo, mfuko wa vyuma mapajani. Akaenda moja kwa moja dirishani.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa, dada," akajibu Ghati. "Wewe fungua tu."

Rahima akapiga magoti. Alichukua soketi kuukuu, ndogo kidogo kuliko nati, akaigonga kwa nyundo ili ing'ang'anie kichwa. Njia hiyo hufaa kwa nati nyingi. Hii ilikuwa na pete ya nje, ikazunguka bure kama kofia kichwani. Akajaribu kuing'oa pete kwa tindo, tindo ikateleza. Ndipo akainama, akaweka sikio.

"Inalia," alisema.

Simioni naye akainama. Ilikuwa inalia, sauti nyembamba ya mtoto mchanga, kwa pumzi fupi fupi.

"Hii si ya kulazimisha," Rahima alisema. "Inataka jina."

Simioni alielewa. Kwao Nyamwaga, mtoto mchanga akilia bila kukoma, bibi zake humpakata na kumtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Likifika lake, hunyamaza. Akaanza na bibi zake mwenyewe. Nati iliendelea kulia. Akapanda mpaka kwa mama zao, akaongeza na shangazi. Nati ikalia.

"Gari hili limewahi kukwama namna hii?" Rahima aliuliza.

"Limewahi."

"Lilikuwa limembeba nani?"

Simioni alifuta mikono kwenye suruali, ingawa alikuwa ameshaifuta.

"Waisiko," alisema.

Nati ikanyamaza. Rahima aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha, ikatoka laini kama kizibo cha soda kilichokwisha kufunguliwa. Waisiko alifariki ndani ya gari hilo wakati wa mvua, wakisubiri ufunguo. Ofisini walisema alichelewa kuondoka nyumbani.

Ya pili ilinyamaza kwa jina la Eunice. Siku yake, Eunice alimwomba Simioni afunge dirisha kwa sababu ya vumbi, akashukuru, na hakusema tena.

Ya tatu ililia kuliko zote.

"Hakuna mwingine," alisema Simioni. "Haki ya Mungu, walikuwa hao tu."

Rahima aliutazama mlango wa gari. Philomena alikuwa anasikiliza tangu mwanzo.

"Usimtaje," alisema. "Hayo ni majina ya marehemu."

"Najua, dada."

"Mura," Philomena alimgeukia Simioni, "mwambie aache!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya Ghati, dhaifu lakini yenye kero.

"Mnanisengenya nami nimelala hapa? Nitajeni. Si nitaitika mwenyewe?"

Rahima hakuharakisha. Hilo Simioni aliwasimulia watu baadaye, kila mara kwa fahari: kwamba fundi hakuharakisha. Aliifunika nati kwa kiganja, kama mtu anayefunika utosi wa mtoto, akaiambia kwa upole, "Huyu nakutajia, lakini sikupi." Kisha akaita kwa sauti, kama anayemwita jirani ng'ambo ya uzio.

"Ghati!"

"Abee!" Ghati aliitika, na sauti ilifika mpaka kwenye mahindi.

Nati ikanyamaza. Ikajizungusha yenyewe mpaka mwisho, ikaanguka kiganjani mwa Rahima, ya moto.

Walibadilisha tairi, wakalifunga kwa nati za kawaida kutoka mfuko wa Rahima. Rahima akapanda nyuma, akaushika mkono wa Ghati, na njia nzima akawa anamwita. Ghati aliitika mabondeni na milimani, mara kwa kukoroma, mara kwa kutukana kidogo, mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Jioni alizaliwa mtoto wa kike. Mama yake aliitika hata akiwa usingizini.

Mratibu aliporudi aliona nati za kawaida kwenye tairi, akafadhaika. Alimwita Rahima, akamuuliza amefungua vipi. Rahima alimweleza yote, pamoja na majina. Mratibu alisikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa kazi nzuri, na hakutilia shaka hata neno moja.

"Kumbe tatizo ni kwamba zile zilikuwa zinasikia," alisema.

Akaagiza nyingine Dar es Salaam, imara zaidi, zisizosikia. Zilifungwa kwenye matairi yote kabla ya mwezi kwisha. Siku ya pili yake simu ilipigwa kutoka upande wa Ikoma, kuna mama anahitaji kupelekwa. Philomena alipanda na begi lake. Simioni aliwasha gari, akaendesha taratibu, akilikwepa kila jiwe.