Muhuri wa Mihrdukht

Hood alikwisha kata shauri: Ijumaa akitoka kuswali, kile kijiwe anakitupa baharini. Mama yake, Bi Shaikha, alikuwa akikivaa shingoni tangu uzazi wake wa kwanza Unguja, kabla hawajavuka bahari kuja huku, nacho kina picha ya ng'ombe na maandishi asiyoyajua mtu.

"Hiyo ni hirizi, mama, na hirizi ni shirki," alisema.

Bi Shaikha alikifumbata mkononi.

Shukriya, dada yake Hood, hakubishana. Jana yake, mama alipoinamia sinia la unga, uzi ulikatika, kijiwe kikaangukia kwenye donge la mkate. Shukriya alipokibandua, ng'ombe alibaki kwenye unga, amesimama na nundu yake, herufi zimemzunguka. Kitu kilichochongwa kinyume ili kigandamizwe, alijiambia, ni muhuri.

Akampigia simu Mahrous, mwalimu wa Nizwa aliyesomea maandishi ya kale ya Kiajemi. Mahrous akasema picha haimtoshi, akione chenyewe. Bi Shaikha akamkabidhi binti yake. Shukriya akaomba ruhusa kazini, akaondoka kwao Aija, mji wa pwani, alfajiri, na barabara yote ile mpaka Nizwa akaendesha peke yake.

Mahrous alikigandamiza kwenye udongo laini wa wafinyanzi wa Bahla, akakaa nao dirishani kitambo.

"Akiki hii," alisema. "Ya Waajemi wa kabla ya Uislamu. Herufi moja imelika, siwezi kuapa, lakini nasoma Mihrdukht. Jina la mwanamke. Akifunga mzigo wake anaupiga muhuri, watu wajue ni wa nani."

Shukriya aliporudi nyumbani, Hood alikuwa sebuleni na mama. Akauweka ule udongo mbele ya Hood.

"Tazama, kaka. Hapa hapana dua wala jina la jini. Ni jina la mwenye mali."

"Na ng'ombe?"

"Alama yake tu."

Hood akaugeuzageuza. "Lakini mama anakivaa kama kinga," akasema, sauti imeshuka.

"Hilo ni kosa langu, mwanangu," alisema Bi Shaikha. "Miaka yote nakitumainia, kumbe nimembeba mwanamke wa watu. Sitakivaa tena. Lakini hakitupwi."

"Nimekwisha sema na watu wa makumbusho," Shukriya akasema. "Watakipokea, na nimewashikilia waandike kimetoka kwa nani."

Hood akamtazama mama, kisha dada yake.

"Basi Jumapili nitakupelekeni mimi," akasema.