Talaka ya Barabara ya Mabawa

Kwingine duniani mtu akikuta nyumba yake imetiwa alama ya kubomolewa, hulia. Tang Yuesheng wa kijiji cha Liugang, asubuhi alipoamka akakuta neno "bomoa" limepakwa kwa rangi nyekundu ukutani kwake, alikwenda dukani akanunua fataki. Akazilipua mwenyewe pale nje, miguuni kandambili, na majirani wakaja kumpa mkono kama mtu aliyepata mjukuu wa kiume. Wengine walikuja wamenuna kidogo. Kuta zao zilikuwa tupu.

Nyumba ilikuwa kwenye kona. Kiwanda cha mabawa ya mitambo ya upepo kilikuwa mwisho wa kijiji, na kila bawa lililotoka kiwandani lilipita hapo, limelazwa juu ya lori refu lisilokwisha. Lori likikata kona, ncha ya bawa ilipita juu ya ua wa Yuesheng, ikichungulia ndani kama mama mkwe. Dereva alipiga honi, na Qiu Hemei, mke wa Yuesheng, alitoka mbio kuanua nguo. Siku moja alichelewa. Bawa likaondoka na suruali ya ndani ya Yuesheng, ile ndefu ya kuvaa wakati wa baridi, na watu wa Liugang wanaapa hadi leo kwamba iko juu ya mnara huko Mongolia ya Ndani, inazunguka.

Kijiji kizima kilikula kwa mabawa hayo. Yuesheng alichonga bolti za minara katika karakana nyuma ya shule. Hemei alikuwa kiwandani kwenyewe, akitandika vitambaa vya nyuzi za kioo ndani ya kalibu ya bawa, tabaka juu ya tabaka, akivipapasa kwa kiganja usibaki hata mkunjo mmoja, maana mkunjo mmoja ukibaki, bawa hupasuka huko juu. Shangazi Miao aliuza mandazi ya mvuke langoni. Na kadiri mabawa yalivyozidi kurefuka, ndivyo kona ilivyozidi kuwa finyu, hadi ofisi ya mji ikaamua barabara inyooshwe. Watakaobomolewa wangepewa fleti katika maghorofa mapya. Kila kaya, fleti moja.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyompumbaza Yuesheng.

"Kaya ni nini?" Shangazi Miao alimuuliza, akimfungia mandazi. "Mume na mke ni kaya moja. Mwanamume peke yake ni kaya. Mwanamke peke yake ni kaya. Hesabu mwenyewe, wewe si mjinga sana."

"Tuachane?"

"Kwa karatasi tu. Mimi na mzee wangu tumeshajiandikisha. Amekaa na mimi miaka arobaini, jino halijabaki kinywani, leo ndiyo kwanza naitwa mtalaka."

Yuesheng alirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyepata homa. Hemei alikuwa anaosha mboga. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kufunga maji.

"Baba Ruolan, sipendi," alisema.

"Ni karatasi tu, Mama Ruolan. Fleti moja yetu, nyingine ya mtoto. Akirudi kutoka Suzhou akute kwake."

"Hata ya ndoa ilikuwa karatasi."

"Si ndiyo nasema? Zote karatasi."

Basi wakaenda. Foleni ofisini ilikuwa kama ya sikukuu: waume na wake wakitafuna mbegu za alizeti, wakitaniana, wakishikiana mifuko. Karani hakuwa na hata nguvu ya kuwashauri. Aliuliza mali zinagawanywaje, na Yuesheng, akijiona muungwana, akapunga mkono. "Nyumba mwandikie yeye. Yote." Itabomolewa, itamgharimu nini? Karani akawaambia warudi baada ya mwezi mmoja, maana sheria inawapa watu mwezi wa kujifikiria.

Mwezi huo Yuesheng alijifikiria kweli, lakini alifikiria samani. Usiku wa mwisho Hemei alimwekea bakuli la tambi mbele yake, akabaki amesimama.

"Baba Ruolan. Kesho kweli twende?"

Yuesheng alikuwa ameinamia pakiti ya sigara, anachora juu yake fleti ya pili. Meza ya mahjong aliipeleka dirishani, akaona mwanga utawaumiza wachezaji macho, akairudisha. "Twende mapema," akaiambia penseli yake. "Foleni ndefu."

Hemei akaenda kulala.

Karatasi zikatoka. Kisha ikaja habari kwamba wakaguzi wanapita nyumba kwa nyumba, na kaya mbili ni lazima ziwe na majiko mawili. Yuesheng akajenga ukuta wa matofali katikati ya ua, kwa mikono yake, akauweka sawa kwa timazi. Yeye akahamia upande wa banda la bata. Jioni za kwanza bakuli la supu lilipita juu ya ukuta, na utani nao ukapita.

"Jirani, chumvi imetosha?"

"Imetosha, jirani. Mumeo yuko wapi?"

"Nimeachika, jirani. Mume alinibadilisha na fleti."

Wakacheka wote wawili. Lakini mkaguzi mmoja aliliona bakuli linapita, akaandika, na Hemei akaacha kupika kwa wawili. "Sheria ni sheria, jirani," alisema, na safari hii hakucheka. Yuesheng akaanza kula wali wa kuungua. Bata walimvumilia. Usiku alimsikia Hemei upande wa pili akizungumza na Ruolan kwa simu, na kucheka, kicheko kirefu ambacho hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia ndani ya nyumba yao. Huyo mwanamke alikuwa analala usingizi bila mkoromo wa mtu kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Kazini walimfanya msimamizi wa kalibu. Rangi ilimrudi usoni. Yuesheng alichungulia juu ya ukuta wake mwenyewe, akaona, na moyo ukamuuma, akarudi kwa bata wake.

Halafu kiwanda kikatangaza mabawa mapya. Marefu mno, hakuna barabara ya kuyapitisha, iwe imenyooshwa iwe haikunyooshwa. Kazi yote inahamia bandarini, ambako bawa litatoka mlangoni na kuingia melini. Barabara ya Liugang ibaki kama ilivyo. Mtu wa ofisi akaja na ndoo ya chokaa kufuta alama za kubomoa.

"Liache hilo neno kidogo," Yuesheng alimwomba. "Mpaka wiki ijayo."

"Mzee, kila nyumba naambiwa hivyo," alisema yule mtu, akapaka.

Hapo ndipo Liugang ilipojua maana ya kuacha mbachao kwa msala upitao. Asubuhi iliyofuata foleni ofisini ilikuwa ileile, watu walewale, mbegu zilezile za alizeti, safari hii wakioana. Shangazi Miao aliolewa upya kabla ya chakula cha mchana, akarudi kuuza mandazi. Yuesheng akanyoa ndevu, akavaa koti, akazunguka ukuta wake na kubisha mlango ambao zamani alikuwa akiusukuma kwa mguu.

Hemei alikuwa anafunga begi.

"Mama Ruolan, chukua kitambulisho. Twende mapema, foleni..."

"Ndefu," alisema Hemei. "Najua. Kesho naanza kazi bandarini. Wametupa mabweni."

"Tuoane kwanza, uende ukiwa mke wa mtu. Ni karatasi tu."

Hemei aliketi juu ya begi. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Yuesheng kuliko hasira.

"Tang Yuesheng," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo tangu mtoto azaliwe. "Talaka nilikubali kwa kinywa changu, sikulaumu. Lakini usiku ule nilikuuliza kama kweli twende. Nilitaka uinue kichwa. Ungesema twende, sawa, ila ukiwa umenitazama."

Yuesheng alitafuta jibu. Lililomjia ni ile meza ya mahjong, dirishani, kisha si dirishani. Aliona aibu mpaka masikioni.

"Na nyumba?" akauliza, mradi aseme neno.

"Nyumba ni yangu, uliniandikia mwenyewe. Hamia ndani, uniangalizie. Kodi sitaki. Lisha bata."

Akaenda. Yuesheng akabaki na nyumba nzima, majiko mawili na ukuta katikati. Alikuwa ametaka fleti mbili na mke mmoja. Sasa alikuwa mlinzi wa nyumba ya mwanamke asiye wake.

"Sasa kampose," Shangazi Miao alimwambia alipokwisha kusimuliwa yote, mikono imejaa unga.

"Mwanamke niliyezaa naye?"

"Uliwahi kumposa? Mimi nilikuwepo. Alikuja mama yako, na baiskeli, na mablanketi mawili. Wewe ulikuwa unavua samaki."

"Wewe ndiye uliyenishauri tuachane."

"Nilikushauri uachane naye. Sikukwambia usimtazame."

Jumapili Yuesheng akapanda basi mpaka bandarini, kikapu cha mayai ya bata mapajani. Kiwanda kipya kilikuwa kikubwa kuliko Liugang yote. Langoni mlinzi alimsimamisha.

"Unamtaka nani?"

"Fundi Qiu Hemei."

"Wewe ni nani wake?"

Yuesheng akafungua kinywa. Aseme mume? Karatasi zingemkana. Aseme jirani, na basi lote hilo alilopanda? Nyuma yake watu walianza kujikusanya.

"Nimekuja kuposa," akasema.

Mlinzi alimtazama kuanzia kofia mpaka mayai, akacheka, akapiga simu ndani. Akasikiliza. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo.

"Anasema yuko ndani ya kalibu, tabaka la mwisho, hatoki mpaka jioni. Na anauliza kama huyo mposaji ana haraka ya foleni."

"Mwambie hana."

Akaenda kusimama ng'ambo, mbele ya jengo, kikapu miguuni, akavua kofia na kuinua kichwa. Madirisha yalikuwa mengi, safu juu ya safu, na hakujua la Hemei ni lipi. Akayatazama yote mpaka jioni.