Mlango wa Duara

"Mtu ameganda kwenye ngazi yako kama nyama ya friji, na wewe unasimama hapo unaniambia duara limefungwa?"

"Bi Marlys, sikujua kama kuna mtu hapa nje!"

"Ungejuaje? Ngoma zenu zimetikisa ukuta wangu mpaka picha ya marehemu mume wangu imelala upande. Mtu akifa hapa mtamsikia saa ngapi?"

"Sasa tumetoka kwa mtu tumefika kwenye ngoma."

"Na kwenye theluji tutafika, ngoja. Nani aliyeisafisha hii njia jana? Mimi, na mgongo wangu huu! Halafu na kile kiti mlichokiweka barabarani kushikia nafasi ya gari. Mtaa mmeununua?"

"Kile kiti si chetu, ni cha wale wa kona. Tena tukianza kusemana, mbwa wako naye..."

"Mbwa wangu mwache. Mbwa wangu Mkristo."

Huyo mtu waliyekuwa wakigombana juu ya kichwa chake ni mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, mikono mapajani, kama kifurushi kilichoachwa nyumba isiyo yake. Ilikuwa Februari, Minneapolis, jioni, ile baridi ambayo ukivuta pumzi nywele za puani zinakuwa sindano. Sikuisikia. Niliona tu kwamba vidole vyangu vimekuwa vyeupe kama mishumaa, nikajiambia, haya, vimekuwa vyeupe.

Ugomvi wa majirani kwa kawaida ni raha yangu. Nakata nywele za watu Lake Street, na kiti changu kimeshasikia mengi kuliko padri yeyote wa mji huu. Najua nani kamfukuza nani, nani kapaka rangi mvi ili amfiche mumewe umri, nani anakula kwa nani. Siku nyingine ningekuwa nimeshapanga namna ya kuusimulia ule ugomvi kesho yake, na sauti ya kila mmoja ningeigiza. Jioni ile ulipita juu yangu kama redio ya chumba cha pili.

Marlys alikuwa amevaa koti la usiku na buti za marehemu. Quill, jirani yake wa upande wa kushoto, nyumba zao zikiwa zimeshikana ukuta mmoja, alikuwa miguu mitupu kwenye theluji, joho la zambarau, masizi ya ubani puani. Quill si mwanamume wala si mwanamke, hujisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayekutajia mtaa anaokaa.

"Muulize huyu mama," Marlys akasema, akininyooshea kidole. "Muulize amekaa hapa tangu lini."

Huyu mama. Neno hilo lilipita sikioni, nikaliona likipita.

"Ardis," Quill akachuchumaa. "Kwa nini hukubisha hodi?"

"Duara lilikuwa limeshafungwa."

"Duara gani la kumzidi mtu aliye mlangoni?" Marlys akadakia.

Lakini Quill alifumba macho kidogo. Alikuwa ameshaelewa. "Wewe ulilelewa kwa Garnet," akasema.

Kweli, kwa Garnet. Sisi Wapagani, na tunajiita hivyo wenyewe, wala si tusi, tuna nyumba nyingi na kila nyumba ina mambo yake. Kwa Garnet, kuhani wangu wa miaka yote, kisu kikishazungushwa hewani na chumvi ikishanyunyizwa, aliye ndani yuko ndani na aliye nje ni wa nje mpaka miungu iagwe. Kubisha hodi ni kuchana nguo ya mtu akiwa ameivaa. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya theluji, nikafika, nikasikia wanawaita miungu wa mashariki, ishara kwamba duara limeshafungwa. Nikakaa. Mtu yeyote mwenye akili zake angegonga. Mimi niliyefundishwa vizuri nilikaa.

"Hapa kwetu huwa kuna mtu wa mlangoni," Quill akasema. "Kazi yake ni hiyo tu. Verlyn! Ulikuwa wapi?"

"Nilienda kutazama oveni!" sauti nzito ikajibu kutoka ndani. "Viazi vilikuwa vinaungua!"

"Viazi!" Marlys akasema. "Watu wanakufa kwa ajili ya viazi." Akazirudia ngazi zake, akaubamiza mlango, na mbwa Mkristo akabweka mara moja kuunga mkono.

Quill akaunyoosha mkono, akachora mlango hewani pale pale kwenye kizingiti, kutoka chini kwenda juu na kurudi chini. "Pita."

Sikupita.

"Nitasimama wapi?" nikauliza.

"Vipi?"

"Wanaume wanasimama wapi hapa, na wanawake wapi?"

Joto la nyumba lilikuwa linatoka lote kutupita, na Quill alikuwa amesimama juu ya theluji bila soksi, lakini hakuniharakisha.

Niwaambie kwa nini niliuliza. Kwa Garnet duara hupangwa mume, mke, mume, mke, ili nguvu ipite, anasema, kama umeme kwenye waya. Miaka yote nilisimama pale palipokuwa pa mume. Nilizaliwa nikaitwa mvulana, na nilipokuja kujua jina langu ni Ardis, la bibi yangu, umri ulikuwa umeshakwenda na nywele zimeanza kunyonyoka mbele. Wateja wangu walilizoea jina hilo kabla rangi ya kucha haijakauka. Sikukuu ya machipuko nikaenda kwa Garnet na gauni la kijani nililolishona mwenyewe. Wakaniambia limenikaa. Garnet alinibusu mashavu yote mawili. Halafu, kwa upole kabisa, akanishika mabega akanisogeza katikati ya wanawake wawili, pale pale pa siku zote. "Nguvu haidanganyiki, mpenzi," akasema.

Nilisimama. Niliimba. Nilikunywa kikombe kiliponifikia. Nikaendesha gari mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo kitu fulani kikazima, si kwa kishindo, kama friji inavyozima nawe unakuja kujua baadaye kwamba nyumba ilikuwa na mngurumo. Nilikata nywele. Nilicheka mahali pa kucheka. Wateja waliniambia siri, nikazipeleka zinakotakiwa. Nyumba yangu, ambayo Jumapili ilikuwa haikosi watu wanne mezani na mmoja sofani, nikaiacha tupu, nikisema nimechoka. Bibi na Bwana wa madhabahu yangu, mungu mke na mungu mume, walikaa pale wamejaa vumbi, nami nikiwapita kwenda jikoni kama wapangaji tusiosalimiana.

Quill alikuwa mteja. Siku moja, kitambaa shingoni, akaanza kunisimulia miungu mingine. Kuna wa kisiwa cha Kupro, akasema, mungu wa mapenzi, ana matiti na ndevu, na waliomwendea wanaume walivaa magauni na wanawake makoti ya wanaume. Nikasema "kumbe," nikaendelea kukata. Akasema kuna nyumba yake, kuna sikukuu ya mishumaa, njoo. Nilikubali kama mtu anavyokubali kuongezewa chai.

Njiani nilikuwa nimejiambia hivi: nikipangwa tena leo, basi. Narudi, naitoa ile madhabahu, naweka televisheni. Wala sikusikia uchungu kulisema. Hilo ndilo lingenitisha, kama ningekuwa na nafasi ya kutishika.

"Hakuna upande," Quill akasema. "Kuna kipasha joto chini ya dirisha. Kaa hapo karibu, ni pazuri."

Nikapita. Akaufunga ule mlango wa hewani nyuma yangu kwa kiganja, kisha ule wa mbao.

Ndani walikuwa watu kama kumi na kitu, wamejaa sebuleni kwenye duara lililopinda kuikwepa sofa. Wengine ungejua, wengine usingejua, na hakuna aliyekuwa akitafuta kujua. Mezani, katikati ya mishumaa, alikaa yule wa Kupro, wa udongo, amechongwa na mkono usio na ufundi sana, ndevu zimetobolewa kwa uma. Walisogea kidogo kunipa nafasi, wakaendelea na wimbo. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kipasha joto. Nikangoja nisikie kitu. Mishumaa ilikuwa mizuri. Wimbo ulikuwa mzuri. Niliyaona hayo kama bei dukani.

Verlyn akaja akakaa kando yangu, magoti yakilalamika. Alikuwa fundi wa mabasi mpaka alipostaafu. Ndevu nyeupe mpaka kifuani, gauni la maua makubwa, na mikono ambayo grisi haitatoka hata kaburini. Alikuwa ananuka viazi.

"Shoga yangu, nisamehe," akanong'ona. "Mlango ulikuwa wangu."

"Si kitu."

"Ni kitu."

Akaitazama mikono yangu.

"Vidole vyako vikoje?"

"Sivisikii."

"Huvisikii," Verlyn akasema.

Nikamtazama. Hakuwa ananidhihaki. Hakunisugua mikono, hakunipa dawa, hakuniambia kunywa nini.

"Sisikii kitu chochote," nikasema. "Si vidole tu."

"Husikii kitu chochote."

"Tangu machipuko."

"Tangu machipuko," akasema, kwa sauti ile ile ya mabasi, akitikisa kichwa.

Ndipo Quill, katikati ya duara, akaanza kusimulia hadithi ya jioni ile. Ni ya zamani sana, ya watu wa kale waliokaa kati ya mito miwili, na mimi niliwahi kuisikia nusu. Malkia wa huko chini kwa wafu alikuwa amelala akiugua, na mungu mwingine wa kike alikuwa amefungwa kwake, amekufa, ametundikwa ukutani, na hakuna mkubwa yeyote wa juu aliyejua la kufanya. Mwishowe mmoja wao akachokoa uchafu chini ya ukucha wake, akaumba viumbe wawili, si waume si wake. Hao wakapita malango yote kama nzi, maana malango yale yaliandikiwa waume na wake, wao hayakuwajua. Wakamfika malkia. Hawakumshauri. Alipolia tumbo lake, wakalia tumbo lake naye. Alipolia mgongo, wakalia mgongo. Naye, ambaye tangu aumbwe hakuna aliyewahi kumsikiliza, akashangaa akasema, ombeni mnachotaka. Wakamwomba yule wa ukutani, wakarudi naye akiwa hai.

"Ndiyo maana mlango wetu tunawapa watu wa aina yao," Quill akamalizia. "Isipokuwa wakienda kutazama viazi."

Watu wakacheka. Verlyn akainamisha ndevu kwa adabu.

Sikucheka. Vidole vilikuwa vimeanza kuniuma. Kwanza kidogo, kama mtu anakubana kwa kucha, kisha vyote kwa pamoja, mpaka kwenye mifupa, uchungu mchafu wa kitu kinachoyeyuka. Nilivikunja kwapani.

"Vinauma," nikasema.

"Vinauma," Verlyn akasema.

"Vinauma sana, jamani."

"Vinauma sana."

Machozi yalinitoka, ya vidole tu, si ya jambo lingine. Nilitaka kusema hivyo nikaona haina haja. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mwenzangu wa kushoto, bila kuacha kuimba, akanipitishia kitambaa cha kujifutia.

Walipoanza kuiaga miungu, magharibi kwanza, harufu ya moshi ikaja tena kutoka jikoni. Verlyn akashtuka, akaniangalia, akauangalia mlango.

"Kaa wewe mlangoni," akasema.

"Mimi? Mimi mgeni."

"Wewe unaijua baridi ya pale kuliko mtu yeyote humu. Kaa." Akainuka akikimbilia oveni, maua ya gauni yakimfuata.

Hakunifundisha la kusema wala namna ya kusimama. Nikaenda nikasimama kando ya mlango, bega kwenye mbao, vidole vikiniwaka moto. Nyuma yangu walikuwa bado wanaimba. Duara lilikuwa halijafunguliwa. Kupitia kile kioo kidogo cha juu nikachungulia nje.

Marlys alikuwa amesimama kwenye ngazi. Amevaa koti la kanisani sasa, na nywele amezichana, amebeba bakuli kubwa la oveni lililofungwa kwa karatasi ya fedha, mvuke unatoka pembeni. Hakuwa anabisha. Alinyanyua ngumi, akaishusha. Akautazama mlango wake, akautazama huu. Akahamisha bakuli toka mkono huu kwenda huu. Alikuwa ameambiwa duara likifungwa limefungwa, na bibi huyu wa Kilutheri, pamoja na maneno yake yote, alikuwa anangoja.

Sikumwuliza Quill. Nikachora hewani kama nilivyomwona akichora, kutoka chini kwenda juu na kurudi chini, vidole vikiuma kila pembe, kisha nikafungua ule wa mbao.

"Sikubisha," Marlys akasema haraka. "Sikugusa kitu. Wameshamaliza?"

"Bado kidogo."

"Basi nitangoja."

"Usingoje."

"Sikuleta hiki kwa ajili ya hayo mambo yenu, usinielewe vibaya. Ni nyama na viazi vya kukaanga juu, na jibini. Nilifikiri kuna yule mama aliyeganda, na hawa wameshaunguza vyao, harufu iko mpaka chumbani kwangu."

"Ni mimi, Bi Marlys."

"Najua ni wewe, mimi si kipofu. Mikono hiyo vipi?"

"Inauma."

"Vizuri," akasema. "Ikiuma imepona. Mlango wa nani huu, wako?"

Nilitaka kumwambia hapana, mimi nashikilia tu, mwenyewe yuko oveni. Nikalipokea bakuli. Lilikuwa la moto mno kwa vidole vyangu, nikalishika hivyo hivyo.

"Leo wangu," nikamwambia. "Vua buti hapo hapo, Bi Marlys, ingia ule."