Kanda Nne za Ukungu wa Turwa

Watu wa Turwa walikuwa wanasema fundi Stanslaus Heche anaweza kuitengeneza redio iliyozama kisimani, ikasoma mpaka taarifa za habari za siku zile ilipokuwa chini ya maji. Mwenyewe hakukanusha. Fundi anayekanusha sifa atakula nini?

Ila kazi aliyoihesabu kuwa yake hasa haikuwa hiyo. Miaka ile dhahabu ilipowatoa watu akili, walimu wakatupa chaki na makatekista wakasahau zamu zao, Stanslaus naye alipanda machimboni, lakini na redio kaseti mbili na betri ya lori. Aliongozana na Atieno, mpiga kinanda wa kanisani, mwanamke mrefu mwenye vidole visivyo na haraka. Hawakuchimba hata kokoto. Walirekodi wanawake wakitwanga mawe, pampu ikivuta maji shimoni, upepo ukipiga maturubai. Juu ya hayo Atieno aliweka kinanda cha umeme, sauti moja akiishikilia mpaka chai inapoa. Utepe ulitoka redio ya kwanza, ukazunguka chupa ya soda upande wa pili wa chumba, ukaingia redio ya pili, hivyo kila sauti iliondoka ikarudi imechoka kidogo, ikaondoka tena.

Hapakuwa na ngoma wala mwimbaji. Walijiita Ukungu wa Turwa, na kati ya Sirari na Mugumu hakuna aliyewatangulia katika jambo hilo. Wala hakuna aliyewafuata.

"Sasa hapa mtu anacheza wapi?" aliuliza mteja wao wa kwanza.

"Huchezi," Stanslaus akamjibu. "Unakaa."

"Nikae? Kukaa nakaa kwangu bure."

Wengine walirudisha kanda wakidai ni mbovu, haijaanza kuanza. Mzee mmoja wa Gorong'a alileta redio yenyewe itengenezwe, eti inanguruma kama tumbo la ng'ombe. Stanslaus aliifungua, akaifunga, akamrudishia na kanda ya kwaya. Atieno alicheka mpaka akakaa chini. Yeye fundi hakucheka.

Walitimiza kanda nne, wimbo mmoja mrefu uliokatwa vipande vinne. Kisha malaria ikamchukua Atieno kwa siku tatu.

Kanda zilikuwa kwake, kwenye sanduku la nguo, kwa sababu nyumba ya fundi ilivuja. Matanga yalipokwisha, Felistas, dada yake Atieno, alifungua sanduku na kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Mwenye gauni akachukua gauni, mwenye sufuria sufuria. Kanda nazo zikagawiwa, moja huku, moja kule, kama vijiko. Stanslaus hakuwa ndugu, kwa hiyo hakuitwa. Alisikia habari baada ya wiki mbili.

"Ungesema, fundi," Felistas alimwambia. "Mimi nilizisikiliza kidogo, nikaona hamna kitu. Nikajua ni kanda tupu."

"Hazikuwa tupu, mama."

"Sasa mbona hakuna aliyekuwa anaongea?"

Lipo jambo ambalo Stanslaus hakumweleza. Kanda ina vijino viwili mgongoni. Ukivivunja, hakuna anayeweza kurekodi juu yake. Yeye, fundi wa miaka ishirini, hakuvivunja. Kanda mpya zilikuwa ghali, na alifikiri muziki ukikataa kuuzika watazitumia tena. Kanda yenye vijino ni kama shamba lisilo na mpaka: jirani akilima si mwizi. Alishika njia kuzitafuta akilijua hilo.

Ya kwanza aliikuta Ringwani kwa mpwa wa marehemu. Ilikuwa na mazoezi ya kwaya pande zote mbili, sauti ya tatu wakiimba puani. Ya pili ilikuwa kwa Odoyo, kaka yake Atieno, ambaye aliitumia kumpelekea binamu Migori barua ya mdomo, na binamu akajibu humo humo. "Sisi huku hatujambo, ng'ombe mwekundu amezaa, mama anauliza ile shuka." Stanslaus aliisikiliza yote, saa nzima ya salamu. Kati ya shuka na ng'ombe palikuwa na pengo la sekunde mbili, na ndani yake kinanda kilipumua mara moja. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara ya nane Odoyo akamwambia, "Fundi, ni ng'ombe tu huyo. Tulishamuuza."

Ya tatu ilikuwa shambani. Utepe wote ulitolewa ukatandazwa juu ya mtama kufukuza ndege, nao ukavuma kwenye upepo toka ncha moja ya shamba hadi nyingine. Wenyeji wanaapa ndege waliacha kula, wakatua kwenye mipaka kusikiliza. Huenda. Stanslaus aliona utepe uliopaushwa na jua, akaondoka bila kuomba maji.

Ikabaki moja, nayo alikuwa nayo Zablon, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kubwa kuliko yote kule machimboni, mume wa binti ya Felistas. Aliikuta redio imetundikwa mdomoni mwa shimo, kinanda cha Atieno kikishuka chini gizani. Alisimama pale akisikiliza. Ilikuwa nzima.

"Shikamoo, fundi," Zablon alisema.

"Marahaba. Nimefuata kanda hiyo. Hata kuinakili tu, dakika tisini, nikurudishie."

Zablon akatikisa kichwa kwa adabu zote. "Kanda hii inaita dhahabu, mzee wangu. Siku ya kwanza kuipiga tulikuta mshipa. Ukiinakili, kesho wenye maduara wote wanayo. Baraka gani hiyo ya kugawana?"

"Ni muziki, kijana. Siyo mbwa wa kuwinda."

"Mnaosema ni muziki mliuza ngapi?"

Stanslaus aliuliza inapigwa mara ngapi. Kuanzia alfajiri mpaka wachimbaji wanatoka, akaambiwa, na vumbi lote lile. Utepe wa namna hiyo lazima ukwame, na ukikwama kuna fundi mmoja tu. Akarudi Turwa kusubiri.

Siku hiyo hiyo aliazima kinanda cha kanisa, akarekodi kanda ya uongo. Alibonyeza kwa kidole kimoja huku mkono wa pili ukimenya kiazi kitamu. Hakuweka moyo. Kwa Zablon moyo ungekuwa hasara.

Siku ya kumi na mbili Zablon alikuja, kanda mkononi, utepe ukining'inia kama utumbo. Akavuta kigoda. "Tengeneza nikiona."

Stanslaus akafungua skrubu tano. Akageukia sanduku la vifaa kutafuta bisibisi ndogo, na alipogeuka tena, magurudumu yaliyoingia kwenye ganda la zamani, lenye mwandiko wa Atieno, yalikuwa yale ya uongo. Zablon alikuwa amekodoa macho muda wote. Alijaribu dakika mbili, akaridhika, akasema ahsante mzee wangu.

Mgongo wake ulipopotea, fundi alifunga mlango mchana kweupe, akaweka utepe halisi kwenye ganda jipya. Safari hii vijino akavivunja kwanza. Akabonyeza.

Ulitoka mchakacho, kama mchanga unaomwagwa. Akasafisha redio, akarudia. Mchanga. Chini yake kabisa palikuwa na kitu, au masikio yake yalitaka pawe na kitu. Kule shimoni ulisikika mzima kwa kuwa redio ile ilikuwa ikiupiga mara zake za mwisho mwisho. Vumbi la siku alizosubiri lilishaukwangua utepe mpaka kwenye plastiki. Alisikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, mikono magotini.

Wiki ya tatu Zablon akapata mshipa mnene kuliko wa kwanza. Alichinja fahali, akafunga spika mbili juu ya nguzo, akaita watu wa pande zote mbili za mpaka wa Sirari. Stanslaus alipewa kiti cha mbele karibu na Felistas. Spika zikafunguliwa, na kile kidole kimoja kikaanza, kivivu, hakina pa kwenda.

Watu wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu Ukungu wa Turwa uzaliwe, watu zaidi ya mia walikaa tu.

Felistas akajifunika uso kwa kanga. "Huyo ni dada yangu," alisema. "Mkono huo naujua, hata gizani naujua."

Stanslaus alifungua mdomo. Akamwona Zablon akitikisa kichwa polepole, na yule mama mabega yakimtetemeka. Akaufunga.

Felistas akafuta macho, akamgeukia kwa huruma. "Mungu alimpa kipaji, jamani. Na wewe ulikuwa unamshikia nyaya, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," Stanslaus akasema. "Nilikuwa nashika nyaya."