Macho ya Mbula

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia mihogo, mzee Nzioka aliwasha kompyuta ya bintiye Mbula na kusubiri picha yake ishuke mstari kwa mstari.

"Umeamkaje, mama?" huuliza. Kisha hujijibu mwenyewe, maana nyumba ile ya Bongwe haikuwa na mwingine wa kujibu tangu mkewe afariki na Mbula aende kufanya kazi hotelini Dubai.

Picha ilikuja kwa disketi ndani ya barua. Lakini kompyuta ilikuwa kuukuu, ilijua rangi kumi na sita tu. Uso wa Mbula ulitoka madoa madoa, macho mashimo mawili meusi.

Asubuhi hiyo hajamaliza hata kusalimu, mlango ukagongwa.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kibwana. Kulikoni mapema hivi?"

Kibwana, fundi wa redio na kompyuta kule Ukunda, alitikisa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vipande vinne vyeusi, vyenye miguu kama tandu.

"Zile memori ulizoniagiza tangu Ramadhani. Nimezing'oa kwenye mashine iliyokufa. Hii yako, mahali pake pa kuwekea picha ni kibaba, nawe wataka kutia pishi nzima!"

Nzioka alicheka, lakini jicho lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa nne Mbula angepiga simu dukani kwa jirani yao, Teresa. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Akitia sahihi leo, ni miaka mitatu mingine. Alitaka kwanza kusikia neno la baba. Nzioka alikuwa ameliandaa juma zima: fanya uonavyo, mwanangu. Mzazi mwema hamfungi mwana kamba mguuni.

Kibwana aliizima kompyuta, akafungua kasha, akagusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini usiunguze kitu, akachomoa kadi ya picha. Nzioka akamshikia tochi, naye akaanza kuvipachika vile vipande kimoja kimoja. Kipande cha tatu kilikunjika mguu mmoja. Kibwana akaunyoosha kwa ukucha, akakididimiza taratibu mpaka kikaingia. Cha nne kilipokaa, akairudisha kadi, akawasha.

"Haya, ifungue picha sasa."

Picha ikashuka. Kwanza kitambaa cha kichwa, samawati kabisa, kumbe! Kisha paji la uso, rangi yake hasa, rangi ya mamake. Kisha macho. Mekundu.

"Huyu amelia," Nzioka akasema.

"La, mzee! Huo ni mwako wa kamera. Picha za harusi yangu mimi, bibi harusi ana macho kama komba."

"Najua, Kibwana. Najua." Lakini tayari alikuwa akitafuta viatu.

Dukani, Teresa alimpa simu, akageuka kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangika.

"Baba? Haya, niambie."

"Kwenye picha macho yako ni mekundu."

Mbula akacheka. "Ni kamera tu, baba."

"Ndivyo alivyosema Kibwana."

Simu ikavuma.

"Basi nitie sahihi?"

"Fanya..." Teresa akasita, mche wa sabuni mkononi.

"Usitie, Mbula. Kila siku nasalimia kioo cha kompyuta, nakijibia mwenyewe. Upweke umenishinda, mama. Nataka urudi nyumbani."