Masazo ya Katapila

Katapila lilipanda huku kwetu Mbebe mwezi wa kumi, mahindi yameshaingia ndani na mvua bado haijaanza. Tulilisikia tangu likiwa chini kwenye kona, linakuja taratibu kwa minyororo yake, maana lori lililolibeba lilishindwa mlima. Mimi nilikuwa uani napukuchua. Nikaacha mahindi hapo hapo, nikajifunga kitenge cha pili, nikatoka. Nilijua anayeliendesha ni nani.

Ni Irene, mtoto wa binti yangu Teresia. Alikulia humu ndani kwangu, halafu akaenda Tunduma kwa shangazi yake, na huko akazoea yadi za mashine kama wengine wanavyozoea jikoni. Alianza kwa kuosha, akaja kupaka grisi, siku moja wakampandisha kwenye kiti. Bosi wake alipopata kazi ya kuchimba mtaro wa bomba kutoka chemchemi ya juu mpaka upande wetu wa shuleni, Irene akasema, "Huko ni kwetu. Naomba niende mimi."

Kati ya chemchemi na sisi kuna kigongo cha mwamba. Udongo tuliweza kuuchimba wenyewe, na tulianza kweli, kila kaya na kipande chake. Tulipofika kwenye kigongo majembe yakarudi yamejikunja midomo. Basi tukaendelea kuteremka bondeni na ndoo. Mimi nimeteremka tangu nilipoolewa. Siku hizi kuteremka naweza, kupanda na maji kichwani ndiyo siwezi. Nikifika nusu naitua ndoo, nakaa, nangoja apite mwenye huruma.

Na Irene alituambia mapema, bila kuficha: "Jumamosi mashine inashuka kwenda kata nyingine, mvua isije ikaharibu barabara. Kigongo kiwe kimepasuliwa au hakijapasuliwa, inashuka."

Siku ile ya kwanza aliniita nikasogea karibu. "Bibi, njoo uone baketi yangu, hili koleo la kuchimbia. Zile za zamani zikilika unatupa yote. Hii ni ya vipande. Meno yanatoka. Huu mguu unaoshika jino nao unatoka. Mdomo wa mbele umefungwa kwa bolti, na mashavu ya pembeni hivyo hivyo. Kilicholika unakitoa, unaweka kingine, kazi inaendelea."

Nikaangalia. Jino limevikwa juu ya mguu wa chuma kama kofia, pini imepita katikati, na pini yenyewe inashikwa na kiraba kidogo ndani isichomoke. Nikasema, ehe, hata mkono wangu ungeweza kulivua hili.

Shemeji yangu Yonasi, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo yake. Huyu meno ya mbele yalishang'oka siku nyingi. Akamwambia Irene, kwa utani wa babu na mjukuu, "Mke wangu, kama meno yanabadilishwa, nipimie na mimi."

Irene akamjibu, "Babu, wewe hata miguu yake haipo. Nitayavika wapi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kazi ikaenda. Katapila linakwangua, linamwaga udongo pembeni, sisi akina mama nyuma tunanyoosha kwa majembe. Jioni Irene akaliegesha karibu na shule, akaja kula kwangu. Asubuhi alipokwenda kuliwasha nikamsikia anapiga kelele. Jino la pembeni halipo.

Mara watu wakajaa. Jirani yangu Dina, ambaye mdomo wake haujui kulala, akasema, "Mwizi ametoka mbali huyo, hapa kwetu hakuna."

"Mbali wapi, mama?" Irene akasema. "Pikipiki ipi imelala hapa?"

Kila mtu akawa anamwangalia mwenzake miguuni. Sikupenda kuona vile. Tulikuwa tumechimba pamoja, tumekula pamoja viazi vya sufuria moja, na sasa mtu anavuta jembe lake karibu kana kwamba nalo litachukuliwa.

Irene akanivuta pembeni. "Bibi, Tunduma wanalala chini ya mashine ili wafungue vitu. Nikirudi na meno pungufu bosi atasema nimeyauza mwenyewe. Atanishusha kwenye kiti, na hatanipandisha tena."

Alikuwa na meno ya spea, ameyafungia kwenye kibanda cha kukalia dereva. Akavika jino jipya pale. Halafu akampigia simu Asajile, fundi anayechomelea milango kule senta. Akaja na jenereta nyuma ya pikipiki, na Irene akamwambia achomelee meno yote, kila jino na mguu wake.

Asajile akakuna kichwa. "Dada, lakini haya yameumbwa yatoke."

"Ndiyo maana yanaibiwa. Choma."

Akachoma. Cheche zikaruka, watoto wakafukuzwa. Alipomaliza Irene akalipiga jino moja nyundo, likalia kama kengele, halikusogea. "Waje sasa," akasema.

Kwenye udongo halikuwa na tatizo lolote. Siku iliyofuata tukafika kwenye kigongo.

Mwamba wa pale si wa mchezo. Baketi ikishuka unasikia mpaka tumboni. Irene anatafuta ufa, anaingiza meno, anavuta, kipande kinabanduka, tunapiga vigelegele. Mpaka kufika mchana meno yalikuwa yamekuwa mafupi, na lile la katikati likavunjika. Akashuka na nyundo na kipande cha nondo atoe pini. Wapi! Pini na jino na mguu vyote ni chuma kimoja. Spea anazo, ziko juu kwenye kibanda zinang'aa, hazina pa kuvikwa.

"Mwite Asajile akate," nikamwambia.

"Akikata na usiku wakaja?"

"Akichomelea jipya?"

"Nalo litalika kesho, nitaita tena akate, achomelee. Anakata siku nzima, mimi nachimba saa ngapi?" Akajifuta jasho kwa mkono wenye grisi, uso ukawa na mistari. "Nitachimba hivi hivi, Bibi."

Akapanda, akachimba hivi hivi. Mwamba sasa ukawa unakula ule mguu. Kule ambako meno makali yalikuwa yanatoa kipande, sasa yanatoa unga. Jioni nilipima kwa macho: alipoanza mchana na alipofikia, ungeweza kutandika mkeka mmoja. Hakuja kula. Nilimpelekea maharage na ugali, akala amekaa kwenye mnyororo wa katapila. Sikumwambia kitu. Mtu aliyefunga mlango kwa hofu humwambii afungue kwa kelele. Nilikaa naye mpaka akamaliza sahani, nikachukua sahani yangu, nikaenda.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nachochea moto nikasikia kwa Yonasi anapasua gogo. Nyumba yake iko chini kidogo ya yangu. Yonasi hakuwepo siku zile; ile alfajiri ya jino kupotea alikuwa ameshaondoka, watu hawajaamka, akavuka mto Songwe kwenda msibani kwa wajomba zake upande wa Malawi, na alirudi Alhamisi giza linaingia. Ninajua namna anavyopasua kuni. Siku zote ni kabari ya mti, sauti yake nzito, pu, pu. Leo ilikuwa ngi, ngi.

Nikaepua chungu, nikateremka.

Nikamkuta na gogo la mkaratusi lililolala pale tangu mwaka jana limemshinda. Limepasuka katikati kama mkate. Na katikati ya ule ufa limechomekwa jino la katapila.

Nikamsalimia, nikampa pole ya msiba, nikakaa juu ya kinu.

"Shemeji, gogo limekubali leo."

"Acha, shemeji! Kabari gani hii! Mungu amenikumbuka uzeeni."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye udongo wa mtaro. Ile siku ya kwanza jioni, nyie mmeondoka. Nilipita naelekea nyumbani, nikaliona limechomoza kwenye rundo." Akalipiga tena, ngi. "Masazo."

Niliposikia neno hilo nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Ndivyo tulivyolelewa. Mwenye shamba akishavuna akaondoka, kilichobaki chini ni cha atakayeinama. Mahindi, maharage, kahawa iliyodondoka. Humwombi mtu ruhusa. Ruhusa ameshaitoa kwa kuondoka. Yonasi aliona katapila limevuna pale, limesogea mbele, limeacha kitu. Akainama.

"Shemeji," nikasema, "mjukuu wako anatafuta jino hilo. Wanasema liliibwa."

Nyundo ikabaki juu. Akaishusha polepole. "Wanasema mimi?"

"Hawajasema mtu. Ndiyo mbaya zaidi, maana wanasemana wote."

Akakaa. "Nikilipeleka wataniita mwizi mbele ya watoto wangu. Bora nilitupe mtoni."

"Ukilitupa mtoni utakuwa mwizi kweli. Ukilibeba begani mchana huu, kila mtu anaona, nani mwizi anatembea hivyo? Lichomoe. Nitakwenda na wewe."

Sikumharakisha. Kuku walikuja wakaparura magome ya gogo, wakaondoka. Halafu akainuka, akapiga gogo ubavuni, jino likadondoka, akalipangusa kwenye suruali.

Tulipanda pamoja, yeye jino begani, mimi nyuma yake. Dina akatuona wa kwanza. "Yesu wangu! Kumbe ni mzee Yonasi! Na meno hana ndiyo maana!"

"Dina," nikamwambia bila kusimama, "shika jembe lako tuje wote usikie, usije ukatunga."

Irene alizima mashine. Alishuka amekunja uso, akalipokea jino bila kumwamkia babu yake, na kwa mtoto niliyemlea mimi hilo liliniuma. Nilidhani ataanza kusema. Badala yake aliligeuza. Akatia kidole kwenye tundu la pini, akalizungusha kwenye jua.

"Babu, umelipiga nyundo hapa pembeni?"

"Nimelipiga juu tu, kwenye gogo. Hapo pembeni nipige nini?"

"Ulilitoa kwenye baketi kwa nini?"

"Mwanangu, kwenye baketi sijafika. Lilikuwa chini. Twende nikuonyeshe."

Akatupeleka mpaka kwenye rundo la udongo, mbali na shule, mbali na pale mashine ilipolala. Irene akapiga magoti, akachimbua kwa mikono. Akatoa pini. Akachimbua tena, akatoa kile kiraba. Kilikuwa kimekatika na kuwa chembamba kama ganda la haragwe.

Alikaa pale amepiga magoti.

"Bibi," akasema, "hakuna mwizi. Angekuwepo angepiga pini nyundo, na hapa pangekuwa na alama. Na asingechukua moja, angechukua yote. Hiki kiraba kilikuwa kimechoka. Nilikiona Tunduma nikasema kitafika. Pini ilitoka, jino likadondoka kazini mchana, mimi niko juu sikuona." Akaangalia mikono yake. "Na mimi nikayafunga yote kwa chuma, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

Akamgeukia Yonasi, akamwamkia vizuri, kwa magoti yale yale. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Nilikuwaza vibaya kabla hata sijajua ni wewe."

Yonasi akamwekea kwanza mkono kichwani, kama mzee anavyostahili. Kisha akasema, "Marahaba, mke wangu. Lakini kabari umeninyang'anya."

Watu wakapumua. Hata Dina akacheka, akamkabidhi Yonasi jembe lake amshikie, yeye akakimbia kumpigia simu Asajile.

Asajile alikuja na jenereta na grenda. Kukata kulichukua muda, mawe ya kukatia yakaisha mawili, tukatuma senta kuleta mengine. Ile mistari ya kuchomelea ikaondoka kidogo kidogo. Irene akapiga pini moja moja, zikatoka. Jino la katikati halikufaa tena, na mguu wake ulikuwa umeliwa. Akaufungua nao, akavika mwingine mpya. Kisha meno mapya, pini, na safari hii viraba vipya vyote. Alikuwa anavyo tangu mwanzo, kwenye mfuko mdogo chini ya kiti. Kila kimoja alikibinya kwa kidole kabla ya kukiingiza.

Yale meno mafupi aliyoyavua aliyapanga chini, akampa Yonasi yote. "Haya nimeyaacha mwenyewe, babu. Okota."

"Yote?"

"Labda umwachie na Dina moja."

"Dina ana la kwake mdomoni, linatosha."

Usiku ule Irene hakulilinda katapila. Hakuna aliyelilinda. Kabla jua halijatoka Jumamosi lilikuwa linanguruma, na lori la kulipokea lilikuwa limeshafika chini kwenye kona linangoja. Dereva wa lori alipiga simu, Irene hakupokea. Meno mapya yaliingia kwenye ule ufa yakashika. Akavuta. Kikatoka kipande kikubwa kama kitanda, na nyuma yake tukaona udongo mwekundu wa upande wa chemchemi, tulikoanza kuchimba wenyewe.

Akina mama walianza kupiga vigelegele hata vumbi halijatulia. Irene alipitisha baketi mara ya mwisho kusafisha chini ya mtaro, akainua mkono wa mashine juu, akaugeuza kuelekea kwenye lori. Alipiga honi mara nyingi. Mimi sikupunga mkono, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Bomba lilikuwa limeletwa limeviringishwa, jeusi, zito. Tulilifungua tukalibeba begani wote, mstari mmoja, wanaume na wanawake. Ili kulilaza ilibidi tushuke mle ndani ya mtaro. Dina akanishika mkono nikashuka, kumbe kumekatwa vizuri, sakafu sawa, jiwe huku na jiwe huku, upepo haufiki. Maji yenyewe bado. Fundi wa bomba atakuja wiki ijayo kuunganisha na kufungua kule juu. Lakini nilipita katikati ya kile kigongo kwa miguu yangu, na bomba begani, na mahali pale hapakuwa na kupanda.